Kushona mikoba ya kufanana na tandiko la farasi: rangi ndo inakuja mwisho

Mteja akileta tandiko la farasi akasema anataka mikoba ya pembeni ifanane nalo, karibu kila mara kidole chake kinaenda kwenye rangi. "Dada, nataka kahawia hii hii." Mi namjibu sawa, rangi tutafika, ila niachie kwanza tandiko nikae nalo. Kwa sababu kwa jinsi nilivyoiona hii kazi, jicho la mtu likikataa mkoba pembeni ya tandiko mara nyingi halijasumbuliwa na rangi, limesumbuliwa na mshono mpana kuliko wa tandiko, au ukingo mkavu usio na mng'ao, au ngozi laini inayolegea karibu na ngozi nene iliyokaza, sema rangi ndo kitu rahisi kukitaja basi mtu anasema rangi.

Nashona ngozi Iringa mjini. Nilianza na viatu na mikanda kama mafundi wengi, baadae pochi za kina mama, na farasi wameingia kwenye kazi yangu kupitia kaka mmoja anayetunza farasi kwenye shamba moja huko Mufindi. Watu wakisikia farasi wanauliza, Iringa hii hii? Ndio, hii hii. Huku juu kuna baridi, mbung'o wanaoleta nagana, ule ugonjwa wa mifugo, huko mabondeni, huku hawana nafasi, kwa hiyo kwenye mashamba ya nyanda za juu farasi wapo, wachache lakini wapo, na wageni wanapandishwa wanatembezwa kwenye chai na kwenye misitu. Yule kaka akitoka na wageni anabeba maji, vifaa vya huduma ya kwanza, koti la mvua, kisu, kamba, chakula cha mchana, na vyote vilikuwa kwenye begi la mgongoni linaloruka kila farasi akichanganya miguu. Akataka mikoba miwili ikae nyuma ya tandiko, kulia na kushoto. Tandiko lenyewe la siku nyingi, limeshonwa kwa mkono na mtu aliyejua anachofanya, na kaka akaniambia neno moja ambalo nimeendelea kulitumia kupimia kazi zangu zote, "Dada, mikoba isionekane ya kuazima."

Kwanza ni ngozi. Tandiko lile ngozi yake ilisindikwa kwa magome, ile ya kizamani, na ngozi iliyosindikwa kwa kromu, ile dawa ya madini ya viwandani, huwezi kuilazimisha ifanane nayo hata uipake nini. Kuzitofautisha sio kazi ngumu, kata kipande uangalie katikati ya unene, ya kromu mara nyingi inakuwa na ubluu au ukijivujivu ndani, ya magome ni kahawia mpaka ndani. Dondoshea tone la maji, ya magome inalinywa na pale pale panaweka giza. Ya kromu ni nzuri kwa pochi laini na viatu, inasindikwa haraka, kama siku moja dawa imeshaingia, ila ukiipiga ukingo haung'ai, ukiilowesha na kuikandamiza kwenye umbo inarudi ilikokuwa. Ya magome inakaa kwenye shimo wiki na miezi, na ukishailowesha ukaipa umbo ikakauka, inabaki na umbo lako. Mkoba wa farasi unahitaji hiyo tabia, unatakiwa usimame wenyewe hata ukiwa hauna kitu ndani.

Na hapa sisi watu wa nyanda za juu tuna mali ambayo wengi tunaipita barabarani tu. Ukienda Njombe unaona ile miti ya miwati, vijijini tunaijua kama kuni na mkaa, basi. Asili yake Australia, na kampuni ya miwati ya Njombe, ile TANWAT, ilianzishwa 1949 kwa ajili ya magome hayo hayo. Mti unaachwa miaka kama 8 mpaka 10 ndo unavunwa, gome likikauka zaidi ya asilimia 30 yake ni tanini, dawa yenyewe inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya kudumu. Kwa hiyo dawa iliyosindika matandiko ya watu huko duniani inatoka kwenye gome ambalo mtoto wa Njombe analikanyaga akienda shule. Hili jambo linanigusa sana, na kila mteja anayekuja na tandiko kutoka nje namwambia, maana wengi wanadhani lazima ngozi nayo iagizwe kutoka nje. Ngozi yangu natafuta kwa wasindikaji wadogo wanaotumia miwati, naenda mwenyewe naichagua kwa mkono, sinunui kwa picha ya simu.

Ukiwa unachagua angalia kovu za chapa, alama za kupe, na mikato ya kisu cha mchunaji upande wa ndani. Mkato wa ndani hauonekani juu ila ukivuta mkanda hapo ndo unakatikia. Halafu jua ng'ombe yuko vipi, ngozi ya mgongo imekaza, ya tumbo inavutika na ina mikunjo. Mikanda yote na ile ngozi ya kati inayounganisha mikoba miwili lazima itoke mgongoni, na uikate kufuata urefu wa uti wa mgongo maana kwa upande huo haivutiki sana. Sura za mbele za mikoba nazikata zikitazamana, moja kushoto kwa uti wa mgongo moja kulia, kwa usawa ule ule, ili zizeeke pamoja. Jozi ya mikoba ya wastani inakula kama futi za mraba 12 ukihesabu na masalia, na masalia usitupe hata moja kwa sasa, utayahitaji kwenye rangi.

Sasa kulisoma tandiko. Hapa ndo natumia muda mwingi kuliko watu wanavyofikiri na hapa ndo kuna utamu wa kazi. Nachukua karatasi nyepesi naiweka juu ya mshono, nasugua kwa penseli iliyolala, mshono wote unajichora kwenye karatasi, kila shimo, kila uzi na ulalo wake. Lile tandiko lilikuwa na mishono 7 kwa inchi, maana yake shimo na shimo ni kama milimita 3.6, na uzi wote ulilala umeelekea mbele pande zote mbili za farasi. Kitu kama hicho ukishakiona huwezi tena kukiacha. Fundi wa lile tandiko alikaa akaamua kwamba mtu akisimama kushoto au akisimama kulia aone mshono unaelekea kichwani kwa farasi, kwa hiyo na mimi mkoba wa kushoto natoboa na ulalo huu, wa kulia natoboa na ulalo wa kinyume chake. Mteja hatajua kwa nini vinapendeza. Vitapendeza tu.

Umbali wa mshono mpaka ukingoni nao unapimwa. Na unene. Ngozi ya ubavuni mwa tandiko lile ni kama milimita 4 na zaidi, ukishona mkoba wa unene huo unakuwa mzito bila sababu, farasi anabeba ngozi badala ya mzigo. Mi natumia milimita 3 kwa sura na mgongo wa mkoba, kama 2 na nusu kwa ule ukuta wa pembeni unaozunguka, halafu kwenye mshono naweka kipande chembamba cha ngozi katikati ya ngozi mbili. Hicho kipande kinalinda uzi usisagike, na ukishasawazisha ukingo ngozi zote zinakuwa kitu kimoja nene, jicho linasoma unene ule ule wa tandiko. Kona za kifuniko nazo nilizikopi kwenye tandiko lenyewe, ule mviringo wa chini wa ngozi ya ubavu niliuchora kwenye boksi nikaupunguza ukubwa tu, basi.

Maboksi ndo karatasi zangu za ramani. Nakata mkoba mzima wa boksi, nafunga kwa gundi ya karatasi, halafu naenda nao shambani. Hili nasisitiza kwa fundi yeyote: usimalizie vipimo juu ya meza. Tandiko likiwa kwenye kigoda linakaa vingine, likiwa juu ya farasi mkanda wa tumbo umekazwa na mtu amekaa juu, linashuka na kusogea. Nilimwomba kaka apande, nikaweka maboksi nyuma ya ule mwinuko wa nyuma wa tandiko nikamwambia tembea, kisha kimbia pole pole, nikawa naangalia vitu vitatu vinne kwa wakati mmoja. Kisigino chake akikirudisha nyuma kinagonga mkoba? Chini ya mkoba panapiga ubavu karibu na paja, pale farasi anapochukia kuguswa? Ile ngozi ya kati inakandamiza kiuno cha farasi au imeinuliwa na blanketi la chini? Kiunoni pale nyuma ya tandiko hapana mbavu za kusaidia kubeba, kwa hiyo vitu vizito visikae huko, na blanketi lazima lizidi mkoba kwa nyuma. Kaka alinifundisha pia kwamba watu wa farasi wanapiga hesabu ya mzigo wote, mtu na tandiko na mikoba, kama asilimia 20 ya uzito wa farasi, farasi wa kilo 450 unakuja kwenye kilo 90. Mpandaji mwenyewe ana kilo zake 75, tandiko nalo lina zake. Ukishajua hilo hushangai kwa nini nilikuwa napunguza ngozi gramu kwa gramu, na kwa nini mikoba niliifanya midogo kuliko alivyoomba mwanzo. Mkoba mkubwa mtu ataujaza tu, ndivyo tulivyo.

Upande unaomgusa farasi hauna riveti, hauna fundo la uzi, hauna ukingo mkali. Mgongo wa mkoba ni ngozi moja tambarare imelainishwa kwa nta. Vidonda vya farasi na punda vinaanza na kitu kidogo kama kichwa cha msumari, nimeona punda wa huku Isimani migongo imechubuka kwa sababu ya kamba na fundo tu, na mnyama hawezi kukwambia ni hapa panauma. Ndo maana upande huu ambao hakuna anayeuona naufanya kwa umakini kuliko upande wa nje unaoonekana.

Kushona. Mzee aliyenifundisha ni fundi viatu wa miaka mingi, na siku ya kwanza aliniambia, "Binti yangu, uzi mmoja, sindano mbili, na usikimbie." Uzi unaingia shimo la kwanza mpaka katikati yake, sindano kila upande, halafu kila shimo sindano zote mbili zinapita, moja huku moja kule, nyuzi zinapishana ndani ya ngozi. Cherehani inafunga nyuzi mbili kwa kuzikunja moja kwenye nyingine, ukikatika mmoja mshono unaanza kufumuka wenyewe. Mshono wa mkono ukikatika upande mmoja wa pili bado umeshika, na nyuzi zimejibana ndani. Kwa mkoba utakaopita kwenye matawi na miiba hiyo ni tofauti ya kurudi na vitu vyako au kurudi bila vitu. Na tandiko lenyewe lilikuwa la mkono, sasa uweke cherehani pembeni yake, hapana, hata mteja asipojua mimi najua.

Mstari nachora kwa bikari ya shule, miguu nimeibana kwa upana niliopima kwenye tandiko. Nafasi za mashimo nagonga kwa uma niliochongesha meno yake yaendane na ile karatasi ya penseli. Kisha msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi. Msharasi mkali, wenye ubapa, unaingia kwa ulalo ule ule kila shimo, mkono ukichoka ulalo unabadilika na mshono unaanza kuyumba, kwa hiyo nikiona umeanza kubadilika naweka chini nakunywa chai. Uzi nakata mara nne ya urefu wa mshono, nausugua kwa nta ya nyuki, nta ya huku ipo na ni nzuri sana, inaufanya uzi ushike shimo, maji yasifuate njia ya uzi kuingia ndani, na inaupa uzi mweupe ile rangi ya asali iliyokuwa kwenye tandiko. Mzee alikuwa anasisitiza nguvu ya kuvuta iwe moja. Ukivuta kwa hasira uzi unazama unakata ngozi, ukivuta kwa uvivu unaelea juu unasagika. Alikuwa akishashona anapitisha kidole gumba juu ya mshono amefumba macho, na akikuta shimo lenye nguvu tofauti anakwambia ni la ngapi kutoka mwisho. Nimefanya hivyo hivyo kwenye tandiko la yule kaka kabla sijaanza, nimepitisha kidole mpaka nimejua mkono wa yule fundi ulivuta kiasi gani.

Ukingo unakatwa kona zake zote mbili, unaloweshwa kidogo, unasuguliwa kwa mti mgumu ulionyooka mpaka unang'aa, kisha nta, kisha kitambaa. Unarudia mpaka utosheke. Sina cha kuongeza hapo zaidi ya kwamba wengi wanaacha mapema.

Umbo la mkoba nilipata kwa vibao vya paini, masalia ya mbao za Sao Hill ni bei rahisi na yako kila mahali, nikachonga kibao cha ukubwa wa ndani wa mkoba nikaviringisha kona, ngozi nikailowesha ikalala juu ya kibao, nikaibana, ikakauka kivulini. Usiweke jikoni karibu na moto, usiweke kwenye jua kali ikiwa imelowa, inakuwa ngumu na kupasuka. Na hapa kuna hatari ya chuma. Ngozi ya magome ikiwa imelowa maji ikakutana na chuma, msumari, kisu kilichoachwa juu, hata vumbi la msasa, inaweka doa jeusi la bluu, tanini na chuma hazikai pamoja bila kuwa weusi. Meza yangu siku ya kulowesha ngozi naifuta kwanza. Doa likitokea limau linaliondoa au kulififisha, kamua, pakaza, kisha suuza.

Sababu hiyo hiyo ndo inanifanya nikatae bizimu na ringi za chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Zinang'aa dukani, msimu mmoja wa mvua wa Mufindi rangi inabanduka, chuma kinatoa kutu, na ngozi iliyoizunguka inakuwa nyeusi. Tandiko lile lilikuwa na shaba ya njano tupu, iliyofifia ikawa na ule utulivu wake. Shaba ya namna hiyo naipata mitumbani, mabegi na mikanda ya zamani iliyochoka ngozi lakini vyuma vyake vizima, natembea na sumaku mfukoni, ikishika naacha, isiposhika naangalia zaidi. Na uzuri wa shaba ya mtumba imeshafifia tayari, haihitaji kufundishwa. Niliipanga bizimu zote ziwe za upana mmoja na zile za tandiko, ili mkanda ukikatika porini kaka aweze kuhamisha mmoja kwenda mwingine.

Sasa ndo rangi, na nitakaa hapa kidogo. Tandiko la siku nyingi halina rangi moja. Pale mtu anapokaa pameng'aa na giza limezidi kwa suruali na jasho, ubavuni panapokutana na mguu vivyo hivyo, lakini nyuma kule mikoba inapokaa ngozi imepigwa jua na mvua tu, ni nyepesi zaidi. Inua ngozi ya ubavu uangalie chini yake, utakuta rangi aliyozaliwa nayo, karibu ya maziwa ya chai. Kwa hiyo unapoulizwa ufananishe unafananisha na wapi? Mi nafananisha na jirani wa mkoba, ile sehemu ya nyuma, na sifananishi mpaka mwisho. Naacha mkoba uwe mwepesi kidogo kuliko tandiko. Tandiko limeshafika karibu na mwisho wa safari yake ya kuwa na giza, mkoba ndo kwanza unaanza na utakwenda kwa kasi miezi ya mwanzo. Ukiulinganisha sawa sawa siku ya kukabidhi, mwakani utakuwa umelipita tandiko, na hapo ndo inakuwa ya kuazima kweli.

Rangi ya dukani sikutumia hata tone. Kwanza naanika juani, ngozi ya magome inaungua jua kama ngozi ya mtu, vipande vyote pamoja, mikanda na vifuniko na sura, uwanjani, nageuza, hakuna kipande kinachoachwa chini ya kingine maana mstari wa kivuli utaonekana. Halafu mafuta. Mafuta bora ya ngozi za matandiko tangu zamani ni yale ya miguu ya ng'ombe, na sisi Watanzania wa supu ya makongoro tuko karibu nayo kuliko mtu yeyote. Unachemsha miguu na mifupa ya mundi iliyosafishwa vizuri, bila chumvi, bila kitunguu, moto mdogo, mafuta yanapanda juu unayaengua, unayachuja kwa kitambaa, unaacha maji yashuke. Mafuta ya miguuni hayagandi kirahisi kama ya figo, maana miguu iko mbali na joto la mwili, na kitu kinachobaki kimiminika kwenye baridi kitaingia vizuri ndani ya ngozi. Baridi ya Iringa ya Juni inanisaidia kuyachambua, naacha chombo nje usiku, asubuhi kilichoganda kinabaki kwenye kitambaa, kilichobaki kimiminika ndo changu.

Napaka kidogo sana kwa kitambaa, upande wa juu, naacha mpaka kesho yake, ndo naangalia. Mafuta yakiingia mwanzo ngozi inaonekana imekuwa na giza mno, yakisambaa inarudi, kwa hiyo usihukumu siku hiyo hiyo. Kila hatua naifanya kwanza kwenye yale masalia ya ngozi ile ile, nimeyaandika nyuma kwa kalamu, jua tu, jua na mafuta mara moja, jua na mafuta mara mbili, jua na chai nzito ya Mufindi iliyochemka mpaka nyeusi kisha mafuta. Chai inaongeza kahawia kidogo, nzuri kwa mikanda maana mikanda ya tandiko huwa na giza kuliko ngozi pana. Nikapeleka vipande vyote shambani nikaviweka juu ya tandiko nje, mwanga wa mchana, kaka akachagua mwenyewe. Ndani ya karakana chini ya taa kila kahawia ni ndugu na kahawia mwenzie, nje ndo unajua.

Mikoba ilipovaliwa mara ya kwanza tuliweka chupa ya maji kila upande, sio upande mmoja, maana mkoba mmoja ukizidi mwingine tandiko lote linavutwa na farasi anatembea amejipinda kidogo kidogo bila wewe kuona, jioni ana maumivu. Baada ya mwendo kaka akavua tandiko tukaangalia jasho mgongoni, jasho limelala sawa, hakuna sehemu kavu ya mduara katikati ya majasho, maana hapo pakavu ndo huwa panakandamizwa. Tukapitisha mikono, farasi hakustuka. Nilifurahi sana siku hiyo, nimeshona vitu vingi lakini kiumbe kingine kukubali kazi yako bila kusema neno ni kitu kingine.

Kuhusu kuitunza nilimwandikia ukurasa mzima lakini kikubwa ni hiki, Mufindi kuna ukungu na manyunyu karibu mwaka mzima, mikoba ikilowa ifutwe, ifunguliwe, ijazwe magazeti, ikae kivulini penye hewa. Isifungiwe kwenye mfuko wa plastiki hata siku moja, kuvu inapenda sana giza na unyevu. Jasho la farasi lina chumvi, chumvi inakausha ngozi, kwa hiyo mgongo wa mkoba unafutwa kila wanaporudi. Mafuta kidogo kabla ya masika na kidogo yakiisha, na sio kila wiki, ngozi iliyolewa mafuta inalegea na mashimo ya mshono yanapanuka.

Bei nayo tuongee. Kazi kama hii mteja anaona mikoba miwili, haoni karatasi za penseli na vipande vya kujaribia na safari ya kupima maboksi juu ya farasi. Mi namwonyesha. Namkalisha, namwekea vile vipande mezani, namwambia hiki ni hiki na hiki ni hiki, na sijawahi kuona aliyeona vile vyote akaendelea kubishana bei kwa ubishi. Wadogo zangu mnaoanza, msikubali kuhesabiwa ngozi na uzi peke yake.

Msimu wa mvua ulipita kaka akanitumia picha, rangi ilikuwa imekaribiana, nyuma ya tandiko huoni tandiko linaishia wapi na mkoba unaanzia wapi, ila akaniambia kuna mkanda mmoja unasagwa na ringi ya tandiko pale farasi anapopanda mlima. Kwa hiyo kwa mikoba inayofuata naweka ngozi ya pili kwenye kila kitanzi, ya kusagika yenyewe, inayobadilishwa bila kufumua mshono mkubwa. Na inayofuata ni ya tandiko jeusi. Hapo jua na mafuta hayatoshi, hapo nautaka ule ule ugomvi wa chuma na tanini, misumari yenye kutu imelowekwa kwenye siki mpaka imeliwa, maji yake ukipaka kwenye ngozi ya miwati inageuka nyeusi mbele ya macho yako, weusi wa ndani usiobanduka kama rangi ya juu. Kopo liko karakanani tayari, karatasi ya penseli nimeshaipata, huyu mshono wake ni 6 kwa inchi na uzi wake ni mweusi pia, na nasubiri wamlete farasi mwenyewe nimpime na maboksi.